Nani acheze na nani: kupanga droo ya mashindano ya gemu kwa haki

Ratiba ya mashindano ya gemu mtandaoni ikishatoka, lalamiko la kwanza linajulikana kabla halijaandikwa: "Kwa nini nimepangiwa bingwa raundi ya kwanza?" La pili halikawii, nalo hutoka kwa bingwa mwenyewe: "Huyu mliyeniambia ni mgeni, mbona anacheza hivi?" Wote wawili wana hoja. Mwandaaji anayewajibu kwamba "ndivyo kompyuta ilivyopanga" hajajibu kitu, kwa sababu kompyuta hupanga ilivyoagizwa. Wachezaji wana haki ya kujua iliagizwa nini, na kama maagizo hayo yaliandikwa kabla majina hayajajulikana.

Nitazungumzia zaidi mtoano, ile hatua ambayo ukifungwa umetoka. Kwenye ligi ambayo kila mtu hukutana na kila mtu, upangaji hubadilisha mfuatano wa mechi tu. Kwenye mtoano hubadilisha nani anaondoka na nini.

Chukua wachezaji 8 na droo ya bahati nasibu, bila kuangalia ubora wa yeyote. Ili hesabu iwe nyepesi, tuseme aliye bora hushinda kila mara. Mchezaji bora kuliko wote atachukua ubingwa popote utakapomweka. Lakini mtazame wa pili kwa ubora. Zimebaki nafasi 7 anazoweza kuangukia, na 4 tu kati ya hizo ziko upande wa pili wa jedwali. Basi ana nafasi 4 kati ya 7 ya kufika fainali. Mara 3 kati ya 7 atakutana na yule wa kwanza mapema, na mara 1 kati ya 7 atakutana naye kwenye mechi ya kwanza kabisa, aende zake akiwa amelingana kwa matokeo na mchezaji dhaifu kuliko wote. Wachezaji wakiwa 32, nafasi ya wa pili kufika fainali inashuka hadi 16 kati ya 31, yaani nusu na kidogo. Charles Dodgson, mwanahisabati wa Oxford anayejulikana zaidi kwa jina la Lewis Carroll, alizitoa hesabu hizi mwaka 1883 akipinga jinsi zawadi za tenisi zilivyokuwa zikigawiwa. Wimbledon ilikuja kuwapanga wachezaji kwa ubora kikamilifu mwaka 1927.

Kwa hiyo droo tupu humtendea kila mtu sawasawa kabla ya kuchezeshwa, kisha inaweza kuvuruga kila kitu ikishachezeshwa. Kupanga kwa ubora kulibuniwa kuziba pengo hilo, na kwa wachezaji 16 jedwali la kawaida huwa hivi: 1 na 16, 8 na 9, 5 na 12, 4 na 13, kisha upande wa pili 3 na 14, 6 na 11, 7 na 10, 2 na 15. Jumlisha namba za kila mechi utapata 17. Wenye namba za juu wakishinda wote, robo fainali zitajumlisha 9, nusu fainali 5, na fainali itakuwa 1 na 2. Ni mpangilio nadhifu sana, na nadhani unadhifu huo ndio uliowafanya waandaaji wengi wauchukue bila kuuhoji.

Uhoji ukiwa umesimama kwenye namba 8.

Aliyepewa namba 8 anacheza na namba 9, mtu wa kiwango chake. Akishinda, anamkuta namba 1. Aliyepewa namba 11 anaanza na namba 6, kazi ngumu zaidi, ila akivuka anamkuta namba 3. Tuweke pointi za ubora kwa mfumo wa Elo, unaotabiri matokeo kwa tofauti ya pointi, nitakaoueleza baadaye kidogo. Wa pili ana 1960, wa tatu 1920, na kila anayefuata anapungua 40 hadi wa 16 mwenye 1400. Wa kwanza yuko peke yake juu, ana 2200, hali ambayo kwenye magemu mengi si ngeni hata kidogo. Mchezaji wa nane ana 1720. Akikaa pale anapostahili, namba 8, uwezekano wake wa kufika nusu fainali ni karibu 4%. Akijishusha kwa hila hadi namba 11, waliokuwa nyuma yake wakapanda nafasi moja moja, uwezekano huo unakuwa karibu 11%. Amejiongezea nafasi karibu mara tatu kwa kuonekana mbovu kuliko alivyo.

Ni kweli kwamba amelipia. Uwezekano wake wa kushinda mechi ya kwanza umeshuka kutoka 56% hadi 39%. Kama zawadi zinaanzia robo fainali, hila hiyo haimfai. Zikianzia nusu fainali, inamfaa sana. Lakini droo inayomfanya mchezaji akae kupiga hesabu za namna hiyo tayari imeharibika, maana inamwadhibu aliyecheza kwa nguvu zake zote msimu mzima hadi akapata namba 8. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo cha kwanza cha haki, na nakiweka mbele ya vingine vyote: asiwepo mchezaji anayepata njia nyepesi kwa kushindwa.

Dawa yake ipo na si ngumu. Badala ya kumpa kila mtu namba yake kamili, wagawe wachezaji kwa vyungu. Wa kwanza na wa pili wanakaa pande mbili tofauti za jedwali. Wa tatu na wa nne wanaingia chungu kimoja, na kura inaamua nani aende upande upi. Wa 5 hadi wa 8 chungu kingine, wa 9 hadi wa 16 kingine. Kura ndiyo itakayosema ni yupi kati ya wale wanne, 5 hadi 8, yuko kwenye njia ya namba 1 na yupi yuko kwenye njia ya namba 4. Mwanahisabati Allen Schwenk aliutetea mpango huu mwaka 2000, na tenisi kwa miaka mingi imekuwa ikifanya jambo linalofanana nao: kwenye mashindano makubwa yenye wachezaji 128, 32 hupangwa kwa ubora, wakigawanywa kwa mafungu, na waliobaki huchezeshewa droo.

Mrudie sasa mchezaji wetu wa nane. Akiwa chungu cha 5 hadi 8, raundi ya kwanza anakutana na mtu kutoka chungu cha chini. Akijishusha hadi chungu cha 9 hadi 16, raundi ya kwanza anakutana na mmojawapo wa wanane bora, na huyo anaweza kuwa namba 1 mwenyewe. Hana faida tena ya kujidhoofisha. Ushindani unabaki kwenye mipaka ya vyungu, pale ambapo wa 8 na wa 9 wanagombea nafasi moja, na huko kila mmoja anataka kupanda.

Gharama yake ni kwamba namba 1 hana tena uhakika wa kuanza na mchezaji dhaifu kuliko wote. Huenda kura ikamletea wa 9. Sioni dhuluma hapo. Kinachomstahili ni kutokutana na wa pili kabla ya fainali, na hilo amehakikishiwa.

Namba zenyewe zinatoka wapi?

Huku ndiko makosa mengi huzaliwa, na mashindano ya mtandaoni yana matatizo yake ambayo tenisi haina. Mwandaaji huchukua pointi ambazo gemu lenyewe linaonyesha kwenye akaunti ya mchezaji, akazipanga kutoka juu hadi chini, akaamini amemaliza. Lakini pointi za aina nyingi za ngazi za magemu huchanganya vitu viwili: unavyoweza kucheza na umecheza mara ngapi. Mwenye saa nyingi hupanda. Mwenye kazi, masomo au watoto anaweza kuwa bora kuliko yeye na bado akaonekana chini.

Elo haina kasoro hiyo kwa kiwango hicho. Arpad Elo alikuwa mwanafizikia mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha Milwaukee, Marekani. Shirikisho la chesi la Marekani liliupokea mfumo wake mwaka 1960, na FIDE, shirikisho la dunia, mwaka 1970. Wazo lake ni kwamba tofauti ya pointi kati ya watu wawili hutabiri matokeo yao. Tofauti ya pointi 100 humpa aliye juu matarajio ya 64%, ya 200 humpa 76%, ya 400 humpa 91%. Ukimshinda uliyetarajiwa kumshinda unapata kidogo, ukimshinda uliyetarajiwa kushindwa naye unapata nyingi. Kurudia kuwapiga wanyonge hakukupeleki mbali.

Elo peke yake ina upungufu: inakupa namba bila kukuambia namba hiyo imejaribiwa kiasi gani. Mwenye 1500 baada ya mechi mia tatu na mwenye 1500 aliyefungua akaunti asubuhi wanaonekana sawa. Mark Glickman aliliziba pengo hilo miaka ya 1990 kwa mfumo wa Glicko, ambao kila pointi zina namba ya pili pembeni yake, kipimo cha shaka. Ukicheza, shaka inapungua. Ukikaa muda mrefu bila kucheza, inaongezeka. Lichess, tovuti ya chesi, hutumia toleo lake la pili, na huweka alama ya kuulizia baada ya pointi za mtu ambaye bado hajajulikana vizuri. TrueSkill ya Microsoft, iliyoundwa kwa ajili ya wachezaji wa Xbox, mashine yake ya kuchezea gemu, ina wazo hilohilo: mgeni huanza na makadirio ya 25 na shaka ya 25 gawa kwa 3, na kwenye orodha huonyeshwa makadirio yakiwa yametolewa shaka mara tatu. Ndiyo maana mgeni huanzia sifuri.

Kwa orodha ya heshima hiyo ni busara, mtu athibitishe kwanza. Kwa kupanga droo ina madhara ambayo waandaaji wengi hawayaoni. Mgeni mkali, au mkongwe aliyejificha nyuma ya akaunti mpya, anashuka hadi mkiani, na kwa jedwali la kawaida mkiani maana yake ni mechi ya kwanza na namba 1. Anayeumia ni nani? Si yule aliyewekwa mahali pasipo pake. Yeye anapata nafasi ya kuwashangaza watu. Anayeumia ni namba 1, aliyecheza mwaka mzima hadharani akapewa zawadi ya kukutana na wa pili kwa ubora mechi ya kwanza. Kosa la upangaji karibu kila mara hubebwa na mpinzani wa aliyepangwa vibaya. Kwa hiyo mwandaaji anayesema "kama umepangwa chini, si uthibitishe uwanjani" anamjibu mtu asiye na malalamiko na kumwacha mwenye nayo.

Kutokana na hayo, panga kwa ubora hadi pale ujuzi wako unapokomea, kisha acha. Kama kati ya wachezaji 64 unawajua 8 kwa matokeo ya kutosha dhidi ya wapinzani wanaofahamika, panga hao 8. Waliobaki 56 wachezeshee droo. Kumpa mtu namba 37 na mwingine namba 41 kwa tofauti ya pointi tano zilizopatikana kwenye seva mbili, yaani kompyuta kuu mbili zinazoendesha gemu, ambazo wachezaji wake hawajawahi kukutana, ni kujifanya unajua. Pointi za seva moja hazilingani na za seva nyingine kwa sababu tu zimeandikwa kwa tarakimu zilezile. Kila seva ina watu wake, na pointi hupimwa dhidi ya watu hao.

Kama huna rekodi ya kutosha ya mtu yeyote, usibuni. Tengeneza rekodi kwanza, kwa hatua ya awali.

Mfumo wa Uswisi unafaa sana kwa kazi hiyo. Ulitumika kwa mara ya kwanza kwenye mashindano ya chesi ya Zurich mwaka 1895, na sasa umeenea kwenye gemu za ushindani. Hakuna anayetoka kwa kufungwa mara moja: kila raundi unacheza na mtu mwenye matokeo kama yako. Mashindano ya dunia ya League of Legends ya mwaka 2023 yaliutumia kwa timu 16. Ukishinda mara tatu umevuka, ukifungwa mara tatu umetoka, na hakuna aliyecheza zaidi ya mechi tano. Ukianza vibaya kwa bahati mbaya, raundi zinazofuata zinakurudisha kwenye nafasi yako. Kwenye mfumo huu wanaolingana kwa ushindi mara nyingi hutenganishwa kwa kipimo cha Buchholz, ambacho hujumlisha pointi za wapinzani uliokutana nao, kwa hiyo aliyekutana na wakali anakaa juu ya aliyekutana na wanyonge. Mtoano wa maisha mawili, ambao hutoki hadi ufungwe mara mbili, nao husaidia, mradi njia ya walioshindwa ipishanishwe ili watu wasikutane tena mapema na waliowafunga.

Ila kila hatua ya awali hufungua tena mlango wa hila ileile ya namba 8. Olimpiki ya London ya mwaka 2012 ililionyesha hilo mbele ya dunia nzima. Badminton ya wanawake wawili wawili ilikuwa na makundi kabla ya mtoano, na timu zilizokuwa zimeshafuzu zilijua kwamba nafasi ya pili ingewapa njia nyepesi. Wakaanza kupiga kipira wavuni na nje makusudi, pande zote mbili zikishindana kushindwa, watazamaji wakiwazomea. Timu nne, moja ya China, moja ya Indonesia na mbili za Korea Kusini, ziliondolewa. Kanuni zilibadilishwa kwa Olimpiki iliyofuata: walioshika nafasi ya pili kwenye makundi wakachezeshewa droo, ili asiwepo anayeweza kujichagulia njia kwa kufungwa. Wachezaji wale walikosea, lakini waliotengeneza mashindano ambayo kufungwa kunalipa nao wana sehemu yao ya lawama.

Njia nyingine naipenda zaidi: waliotangulia wachague wapinzani wao wenyewe. Ligi ya League of Legends ya Korea Kusini, LCK, imewahi kuipa timu iliyoongoza msimu haki ya kuchagua nani wa kucheza naye kati ya zilizovuka raundi ya kwanza ya mtoano. Hapo hakuna wa kumlaumu mwandaaji, na kuongoza kunabaki kuwa na thamani hadi siku ya mwisho.

Siku yenyewe ya mashindano

Watu hujiandikisha 16, wanatokea 13. Mtandaoni hili ni jambo la kila wiki. Tuseme waliokosekana ni namba 5, 9 na 12, na ratiba ilishatangazwa jana. Namba 8 anavuka bila kucheza kwa kuwa mpinzani wake, 9, hayupo. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba 5 na 12 walikuwa wacheze wao kwa wao, na wote hawapo. Mechi yao haina mtu. Mshindi wa mechi ya 4 na 13 anapita robo fainali bila mpinzani na kutua nusu fainali akiwa ameshinda mechi moja tu. Namba 13 anaweza kuingia nne bora kwa kumfunga mtu mmoja, wakati namba 6 anahitaji kufunga wawili.

Kwa hiyo funga uthibitisho wa kuhudhuria kwanza, chezesha droo baadaye, hata kama ni nusu saa kabla ya mechi ya kwanza. Wakiwa 13 kwenye jedwali la 16, nafasi tatu tupu ziwe za wapinzani wa 1, 2 na 3, na kanuni hiyo iandikwe mapema. Wapo wanaosema kumpa aliye bora mapumziko ni upendeleo juu ya upendeleo. Naielewa hoja hiyo, lakini nafasi tupu lazima imwangukie mtu, na kumpa aliyeifanyia kazi ni bora kuliko kumpa aliyebahatika jirani yake kulala.

Umbali wa seva nao unahitaji kanuni. Mechi ya watu walio mbali sana na seva huchelewa kuitikia, na kwenye gemu za mapigano au za kulenga shabaha sehemu ndogo ya sekunde huamua mshindi. Ni halali kusogeza wachezaji ili raundi za mwanzo zichezwe na walio karibu, mradi usogeze ndani ya chungu kimoja. Ukivuka chungu umegusa ubora wa mtu.

Kura yenyewe ionekane. Baadhi ya programu za kuchanganya majina zina dosari isiyoonekana kwa macho. Njia moja ya kienyeji ni kupita kwenye orodha na kubadilisha kila jina na jina lolote lile, likiwemo lenyewe. Kwa majina matatu njia hiyo ina mapito 27, na mpangilio wa majina matatu uko wa aina 6. 27 haigawanyiki kwa 6, kwa hiyo mipangilio mitatu hutokea mara 5 kati ya 27 na mitatu mingine mara 4. Njia sahihi, ya Fisher na Yates, hubadilisha kila jina na yale tu ambayo bado hayajapangwa, na mapito yake ni 6 kamili.

Hata mchanganyo sahihi hauthibitishi kitu kama mwandaaji anaweza kuurudia kimyakimya hadi apate ratiba anayoipenda. Tangaza mapema orodha ya majina, vyungu, programu itakayotumika, na namba ya kuianzishia ambayo bado haijulikani na hutaiamua wewe, kama vile matokeo ya bahati nasibu ya taifa ya jioni hiyo. Namba ikitoka, mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuiingiza na kupata ratiba ileile uliyoitoa wewe. Valve, wamiliki wa Counter-Strike, waliuweka hadharani msimbo wa programu inayokokotoa viwango vya timu za gemu hilo, na yeyote anayeona timu yake imeonewa anaweza kwenda kukagua hesabu mstari kwa mstari. Mwandaaji mdogo anaweza kufanya hivyo kwa ukurasa mmoja: pointi zimetoka wapi na tarehe gani, vyungu vinakatwa wapi, waliolingana wanatenganishwaje, asiye na rekodi anaingia chungu kipi, na malalamiko yanapokelewa hadi saa ngapi kabla kura haijapigwa.